Saa Sita, Zima

Tangi alilitengeneza Ochwada wa Kibuye
kwa vioo vya duka lililobomolewa kupisha barabara;
pembeni bado pana herufi mbili nyekundu, NY,
mabaki ya nyama au ya nyanya, hatujui.
Mchanga niliuchekecha mwenyewe kwa chujio la chai.
Majani, yale membamba kama utepe,
niliyang'oa Dunga, maji yakinifika magotini,
na fulu watano nikauziwa na mvulana
aliyewabeba ndani ya galoni ya mafuta ya kupikia.

Nikawapa mwanga.
Nilidhani kupenda ni kuwasha.
Balbu alfajiri, balbu hata saa nne usiku,
tokeni za stima zikiyeyuka kama sukari mbele ya wageni.
Wiki ya tatu maji yakawa mchuzi wa mrenda.
Ute wa kijani ukapanda vioo,
ukalivisha kila jani soksi ya manyoya,
na fulu wakawa vivuli,
nikawahesabu kwa kukisia.

Oduor, fundi saa wa mlango wa pili
(jina lenyewe ni la mtoto wa usiku wa manane),
alikuja lenzi ikiwa bado jichoni.
Akachungulia. Akacheka kwa pua.
"Unamlisha mwizi.
Jani lina mizizi, lina akiba huko chini.
Huu ute ni kibarua wa kutwa:
asipoliona jua leo, leo hali.
Lifunike siku tatu. Usichungulie.
Baada ya hapo, kila siku, saa sita hadi saa tisa,
zima taa, wote wapumzike.
Samaki watapumua gizani,
na pumzi yao ndiyo chakula cha majani taa ikirudi."
Nikamwuliza ameyajulia wapi.
"Nilifagia kwenye mabwawa ya vifaranga, Kibos, miaka sita.
Nani humficha mfagiaji siri?"

Nikalifunika kwa blanketi la Aluoch,
lile la bweni, lenye namba 114 ya uzi mweupe,
ambalo hakuwa na haja nalo tena.
Aluoch alikuwa chumbani tangu Jumatatu ya matokeo,
pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo,
nami kila saa mlangoni: kula, amka, sema kitu,
nikimwashia taa ya dari
kwa swichi ambayo fundi, kwa kukosea, aliiweka nje.

Siku ya kwanza niliinua ncha ya blanketi mara nne.
Sikuona kitu. Nilisikia tu
kioo kikiguswa kutoka ndani, kama kwa ukucha.
Siku ya pili stima ikapotea Migosi nzima.
Watu wakalaani, jenereta ya kinyozi ikaanza kukohoa,
na mimi kwa mara ya kwanza sikulaani.
Nilikaa pale pale gizani.
Sikugonga mlango wowote.

Jumamosi nikalivua.
Sitasema muujiza: fulu mmoja alikuwa amekufa,
na nusu ya majani ya zamani yameoza, kahawia, yananuka.
Lakini maji!
Niliuona ukuta wa upande wa pili,
msumari, kalenda ya mwaka juzi.
Na katikati ya shina, kitu cha urefu wa ukucha,
kijani kichanga ambacho hakikuwapo,
kimejikunja kama sikio la mtoto wa siku moja.
Niliwasha taa kwa woga.
Haikupita saa, vipovu vikaanza kupanda kutoka jani lile,
kimoja,
kimoja,
kama mtu anayehesabu fedha chache asitake ziishe.

Bawaba za mlango wa chumbani zikalia.
Aluoch, nywele zimelalia upande mmoja,
akaja akaketi mbele ya kioo.
Hakusalimu. Sikuuliza.
Tulitazama vipovu hadi chai ikapoa,
ikashika utando, nikaiacha.
Kisha, bila kugeuka:
"Mama, ni saa sita.
Zima."